Haki ya Mwenye Nyumba na Njia ya Kuidai

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kwanza sina budi kuwashukuru wana Halmashauri kwa kunipa nafasi hii ya kusimama mbele yenu. Najua kwamba si desturi kijana kuwafundisha wazee, wala mimi sikuja kufundisha. Kazi yangu ya kila siku ni ukarani katika afisi ya mawakili, na kwa miaka kumi na miwili nimekuwa nikipokea na kupanga majalada ya watu waliogombana kwa ajili ya kodi ya nyumba. Mimi si wakili. Lakini mtu akaaye mlangoni kwa tabibu huwaona wagonjwa wakiingia, na baada ya siku nyingi huanza kujua ni maradhi gani yawaletayo.

Nitasema juu ya jambo moja tu: mwenye nyumba afanye nini mpangaji wake anapoacha kulipa kodi. Jambo hili latuhusu sote. Chama chetu kina vyumba vinane vya kupangisha, vilivyojengwa kwa michango ya shilingi moja moja ya wazee walioketi hapa mbele na ya wengine ambao tumekwisha kuwazika. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo hununua jeneza mwanachama anapofiwa, na ndiyo hulipa karo ya watoto yatima. Kila chumba hulipiwa shilingi 4,500 kwa mwezi. Katika hesabu aliyotusomea Bwana Mweka Hazina asubuhi hii mmeona pengo la shilingi 36,000. Pengo hilo ni wapangaji wawili: mmoja hakulipa miezi mitatu, na mwingine hakulipa miezi mitano.

Mtakumbuka kwamba jambo hili lilipotajwa katika mkutano wetu uliopita, mwanachama mmoja alisimama akasema, "Tupeni vijana wanne na ngazi. Tukiezua mabati usiku mmoja, asubuhi watakuwa wamehama." Ukumbi mzima ulipiga makofi. Nami nilipiga makofi, na sitaki kujificha.

Niliporudi nyumbani usiku ule sikupata usingizi, kwa maana nilimkumbuka mjomba wangu. Yeye alikuwa na vyumba vitatu vya mabati, alivyovijenga kwa kiinua mgongo chake. Mpangaji mmoja alishindwa kulipa miezi minne, shilingi 3,000 kila mwezi, yaani deni la shilingi 12,000. Mjomba alisubiri, akadai, akatukanwa. Siku moja akachukua nyundo, akang'oa mlango, akatoa kitanda na masanduku ya yule mtu nje. Mvua ikanyesha. Mpangaji alikwenda polisi, kisha akaenda mahakamani akiwa na picha za vitu vilivyolowa na orodha ya vitu alivyosema vimeibwa. Mjomba hakuwa na kitabu cha kodi, wala mkataba, wala barua hata moja ya kudai. Mwisho wake alitakiwa kulipa fidia iliyozidi deni lile mara kadhaa. Aliuza ng'ombe wawili. Mdai akageuka kuwa mdaiwa, na ile shilingi 12,000 hakuiona mpaka alipofariki. Wahenga walisema, hasira hasara.

Ndugu zangu, mjomba hakuwa mwongo. Deni lilikuwa la kweli na nyumba ilikuwa yake. Kosa lake lilikuwa moja tu: alikuwa na haki, lakini aliidai kwa mkono wake mwenyewe. Sheria ya nchi yetu haimnyimi mwenye nyumba haki yake, bali yamnyima nyundo. Nataka tulielewe neno hili kabla hatujakwenda mbele.

Katika Sheria ya Makosa ya Jinai, kifungu cha 90, imeandikwa juu ya kosa la kuingia mahali kwa nguvu ili kupatwaa. Sheria yasema kwamba nguvu hizo zaweza kuwa ni kumpiga mtu, au kumtisha, au kuvunja nyumba, au hata kukusanya watu wengi kuliko ilivyo kawaida. Kisha yaongeza jambo ambalo wengi wetu hatulijui: ni kosa vilevile hata kama aliyeingia ana haki ya kuingia mahali hapo. Maana yake ni kwamba tungewatuma wale vijana wanne na ngazi yao, hakimu asingetuuliza kwanza vyumba ni vya nani. Angetuuliza kwa nini tulivunja. Na watakaosimama kizimbani si vijana peke yao, bali pia waliowatuma.

Msidhani kwamba kufunga maji, kukata umeme, kubadili kufuli au kung'oa mlango ni mambo madogo. Mwaka 2020, wakati maradhi ya korona yalipowakosesha watu wengi kazi, magazeti yaliandika habari za wenye nyumba walioezua paa na kutoa milango ya wapangaji wao. Fedha haikupatikana kwa njia hiyo. Mtu asiye na kazi hapati kazi kwa kunyeshewa.

Sasa niseme juu ya njia iliyo halali. Inafaa kwanza mtu ajue nyumba yake iko chini ya sheria gani, kwa kuwa hazifanani. Ziko namna tatu.

Namna ya kwanza ni nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Hizi ziko chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, iliyotungwa mwaka 1959. Sheria hiyo ina baraza lake linalosikiliza mashauri ya wenye nyumba na wapangaji. Mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji ila kwa amri ya baraza hilo. Kutolipa kodi iliyo haki ni sababu mojawapo inayokubalika, lakini haitoshi peke yake, kwa maana baraza lazima lione kwamba ni jambo la busara kutoa amri hiyo. Laweza pia kuizuia amri kwa muda na kumpa mpangaji masharti ya kulipa deni kidogo kidogo. Mwenye nyumba anayemtoa mpangaji bila idhini ya baraza, au anayemsumbua makusudi ili ahame, anatenda kosa la jinai. Najua kuwa vyumba vya kodi hiyo vimekuwa vichache mjini, lakini wanachama wetu wenye vyumba katika miji midogo na vituo vya biashara huko mashambani wasikilize sana hapa.

Namna ya pili ni maduka, mahoteli na nyumba za chakula. Hizi zina sheria yake ya mwaka 1965. Ikiwa mpangaji wa duka hana mkataba wa maandishi, au anao lakini ni wa muda usiozidi miaka mitano, upangaji wake unalindwa na sheria hiyo. Mwenye duka hawezi kumwambia kwa mdomo, "Toka mwisho wa mwezi." Sharti ampe ilani, ambayo wengi wetu huiita notisi, katika fomu iliyowekwa na sheria, ya muda usiopungua miezi miwili, nayo itaje sababu. Sababu inayotuhusu leo ni hii: mpangaji ameshindwa kulipa kodi kwa miezi miwili baada ya kodi kustahili kulipwa, au amekuwa na mazoea ya kuchelewesha. Mpangaji ana mwezi mmoja wa kujibu kwa maandishi kama anakubali au hakubali. Asipokubali, aweza kupeleka shauri kwenye Baraza la Kodi za Nyumba za Biashara kabla ya siku ya ilani kufika, na hapo mwenye duka hana budi kungoja hukumu. Nimeona majalada mengi yakianguka kwa sababu ilani iliandikwa kwenye karatasi ya kawaida, au muda wake ulipungua kwa siku chache. Mtu alikuwa na haki ya kodi ya mwaka mzima, akaambiwa aanze upya kwa sababu ya siku tatu.

Namna ya tatu ni nyumba za kuishi ambazo kodi yake imezidi kiasi kile cha shilingi 2,500. Vyumba vya Chama chetu vimo humu, na labda vyumba vya wengi wenu. Wako watu wanaodhani kwamba kwa kuwa baraza la kodi ndogo haliwahusu, basi hakuna sheria inayowahusu. Hilo ni kosa kubwa. Nyumba hizi ziko chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Kodi ikikaa mwezi mmoja baada ya siku yake bila kulipwa, mwenye nyumba apata haki ya kutoa ilani ya kuvunja mkataba. Lakini kabla ya kuitumia haki hiyo, yampasa ampe mpangaji ilani ya maandishi isiyopungua siku 30, ieleze kosa lake waziwazi na impe nafasi ya kulitengeneza. Muda ukiisha na mpangaji asilipe wala asihame, sheria yatofautisha mambo mawili. Ikiwa amekwisha kuondoka na hakuna mtu yeyote aliyekaa humo kwa niaba yake, mwenye nyumba aweza kuingia kwa amani na kuishika nyumba yake. Lakini akiwa bado yumo, njia ni mahakama. Hakuna njia ya tatu.

Nitasema pia juu ya kukamata mali ya mpangaji, kwa maana hapa watu hukosea sana. Ipo sheria inayomruhusu mwenye nyumba kukamatisha na kunadisha vitu vya mpangaji ili kulipa kodi iliyolimbikizwa. Lakini kazi hiyo si ya mwenye nyumba mwenyewe, wala ya mlinzi wake, wala ya vijana wa mtaani. Ni kazi ya dalali wa mnada mwenye leseni, na sheria ya madalali ya mwaka 1996 yamfunga kwa masharti. Kwa zile nyumba za kodi ndogo, ruhusa ya baraza lazima ipatikane kwanza, na kwa maduka pia ni salama kuomba ruhusa ya baraza lao. Tena si kila kitu huchukuliwa. Nguo za lazima za mpangaji haziguswi. Cherehani anayoshonea saa ile, au msumeno ulio mkononi mwa seremala, hauguswi. Vitu vya watu wengine alivyopewa fundi avitengeneze haviguswi. Na kumbukeni kwamba mnada hulipa deni tu, haumtoi mpangaji nyumbani. Anayetaka vyote viwili, fedha na chumba, lazima apite njia zote mbili.

Labda mzee mmoja atauliza, "Je, nikikaa kimya nitapoteza deni langu?" Deni la kodi haliozi upesi, lakini huoza. Baada ya miaka 6 tangu siku ilipostahili kulipwa, sheria hairuhusu tena kulidai mahakamani wala kukamata mali kwa ajili yake.

Bwana Mwenyekiti, katika hayo yote niliyoyataja, mtaona kwamba mwenye nyumba hushinda au hushindwa muda mrefu kabla ya kufika mbele ya hakimu. Hushinda au hushindwa kwenye karatasi zake. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa upande wa maduka, kitabu cha kodi ni amri: mwenye nyumba akiweke, ampe mpangaji nakala yake, na ndani yake yaandikwe malipo yote na matengenezo yote. Lakini hata kwa chumba kimoja cha mabati, kitabu hicho ni silaha kuliko nyundo. Pawepo mkataba mfupi wa maandishi, uliotiwa sahihi na pande zote mbili mbele ya shahidi, unaosema kodi ni kiasi gani na hulipwa siku gani. Kila malipo yatolewe stakabadhi. Kwa wanaopokea kwa simu, ujumbe wa malipo usifutwe, bali unakiliwe kitabuni na tarehe yake. Mpangaji akichelewa, aandikiwe barua ya kumkumbusha, na nakala yake ihifadhiwe. Barua ikipelekwa kwa mkono, apokeaye atie sahihi, na akikataa, awepo shahidi atakayesema kwamba alipewa siku fulani, saa fulani.

Kabla ya ilani na mahakama, iko hatua nyingine ambayo wazee mnaijua kuliko mimi, nayo ni kuketi na kusema. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 159, yazihimiza mahakama zenyewe kukuza upatanishi na njia za jadi za kumaliza ugomvi. Basi si aibu mwenye nyumba kumwita mpangaji wake mbele ya watu wawili wazima na kumwuliza, "Ndugu, umepatwa na nini?" Kwa maana kuna asiyeweza kulipa na kuna asiyetaka kulipa, nao hawafanani, ingawa kitabuni deni lao huandikwa kwa wino mmoja.

Mtazame wapangaji wetu hawa wawili. Yule wa miezi mitatu ni fundi wa kujenga aliyeanguka kutoka jukwaani akavunjika mguu. Kabla ya hapo hakukosa kulipa hata mara moja. Deni lake ni shilingi 13,500. Sasa ameanza kutembea na kupata vibarua. Akilipa kodi yake ya shilingi 4,500 na kuongeza shilingi 2,250 kila mwezi, deni litakwisha kwa miezi sita. Je, tukimfukuza leo, nani atakayetulipa zile 13,500? Tutabaki na chumba kitupu na deni ambalo mwenyewe amekwenda nalo. Lakini tukiandikiana naye mapatano, na yeye akatia sahihi kwamba anakubali deni hilo, basi hata akivunja ahadi baadaye tutakuwa na karatasi ambayo hakimu yeyote ataisoma.

Yule wa miezi mitano ana mshahara, na hujibu barua zetu kwa kejeli. Yeye apewe ilani ya siku 30 kama sheria isemavyo, iliyoandikwa vizuri, yenye tarehe na kiasi cha shilingi 22,500 anachodaiwa. Akikataa, tumfikishe mbele ya hakimu. Najua itatugharimu nauli na ada na miezi ya kungoja. Wengine mtasema kwamba kungoja huko ni dhuluma, kwa kuwa mtu anakaa bure huku yatima wetu wanarudishwa nyumbani kwa karo. Sikatai. Njia ya sheria ni ndefu, na huwachosha wenye haki. Nimeiona ikiwachosha. Lakini sijaona bado mtu aliyepita njia ya mkato ya nyundo akarudi nyumbani na fedha zake.

Tena tusisahau kwamba katika ukumbi huu hatukuketi wenye nyumba peke yao. Nikihesabu, labda robo tatu yetu ni wapangaji, nami ni mmoja wao. Hata mzee mwenye vyumba sita huko nyumbani ana mtoto wa kiume au wa kike anayepanga chumba mjini kwa mwenye nyumba mwingine. Paa tutakaloliezua juu ya mtoto wa watu, kesho litaezuliwa juu ya mtoto wetu, na hatutakuwa na uso wa kulalamika.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu uyakubali mambo matatu. La kwanza, kila chumba cha Chama kiwe na mkataba na kitabu cha kodi kabla ya mwisho wa mwezi ujao, na kitabu hicho kikaguliwe na Halmashauri kila robo ya mwaka. La pili, wachaguliwe wazee watatu waende kuonana na wapangaji wote wawili katika muda wa siku 14, na mapatano yoyote yaandikwe na kutiwa sahihi. La tatu, asiyekubali mapatano apewe ilani ya sheria, na baada ya hapo shauri lipelekwe mahakamani kwa msaada wa wakili. Na mwanachama yeyote asiguse mlango, kufuli, mfereji wala bati la mpangaji kwa jina la Chama hiki.

Mwanachama aliyetoa shauri la vijana na ngazi ni rafiki yangu, nami najua alisema kwa uchungu wa kuwahurumia yatima. Sina lawama naye. Lakini makofi niliyoyapiga siku ile nayaondoa leo mbele yenu, nikimkumbuka mjomba na ng'ombe wake wawili.